Nachingwea: Reli Iliyong'olewa Kabla ya Korosho

Treni ilikaa Nachingwea miaka 13 tu. Ilifika mwaka 1949, ikasimamishwa mwaka 1962, kisha reli zikang'olewa na kubebwa, tuta likaachiwa majani na mbuzi. Ililetwa kwa ajili ya zao ambalo halikustawi, ikaondolewa wakati zao lililostawi limo njiani. Karanga zilikuwa zimekwisha kushindwa kabla reli haijakamilika, na korosho zilikuwa bado zinakua reli ilipong'olewa. Katikati ya hayo mawili ndimo yalimopita maisha ya wazazi wetu, na ndiyo maana sisi wa Kusini hatujaisahau reli ile, hata tuliozaliwa baada yake.

Mimi ni mmoja wa hao. Nililijua tuta likiwa njia ya kwendea shambani, nikalikanyaga miaka mingi kabla sijauliza nani alilijenga na kwa nini. Habari zake nilizipata kwa mjomba, kaka wa mama yangu. Kwetu Umwerani mjomba ndiye mwenye neno juu ya watoto wa dada yake, kwa hiyo jioni nyingi za utoto wangu zilipita barazani kwake. Ujana wake aliutumia kwenye kikosi cha kutunza njia: kukaza misumari ya reli, kushindilia kokoto chini ya mataruma, kufyeka majani kando ya tuta, kuzibua makalvati kabla mvua hazijaanza. Alikuwa mtu wa maneno machache, ila ukimtajia reli alijiweka sawa kitini, na hapo ulijua leo chakula kitachelewa.

Chanzo cha yote kilikuwa mbali na Umwera. Baada ya Vita Kuu ya Pili Uingereza ilikuwa na uhaba mkubwa wa mafuta ya kula, na chakula kiligawiwa raia kwa kadi. Mwaka 1946 Frank Samuel, mkurugenzi wa kampuni ya United Africa, aliipendekezea serikali yake karanga zilimwe kwa mashine katika mapori ya Afrika Mashariki. Ujumbe ulioongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo wa Tanganyika, ulizunguka kwa wiki tisa, mara nyingi ukiitazama nchi kutoka kwenye ndege, ukarudi na hesabu zake. Zilitakiwa ekari 3,210,000, zigawanywe katika mashamba makuu 107 ya ekari 30,000 kila moja. Mashamba 80 yangekuwa Tanganyika, na kati ya hayo 55 yangekuwa kwetu, Jimbo la Kusini. Zaidi ya nusu ya mradi wote, pamoja na sehemu za Kenya na Rhodesia ya Kaskazini, ilipangiwa nchi iliyo kati ya Lindi na Ruvuma. Gharama zilikadiriwa kuwa karibu pauni milioni 25.

Anayeisoma hesabu hiyo leo hujiuliza kwa nini kazi haikuanzia Kusini, palipopangiwa mashamba mengi na pasipokosa mvua. Sababu ni usafiri. Kongwa ilikuwa karibu na Reli ya Kati, ile iliyojengwa na Wajerumani kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma. Kusini hakukuwa na reli ya kubeba matrekta wala gati la kushushia. Basi mwaka 1947 mashine zikapelekwa Kongwa, kwenye ardhi ambayo jua likiipiga jembe haliingii, na mvua za huko hazina ahadi. Wagogo wangeweza kuwaeleza tabia ya mvua za kwao siku moja tu barazani, lakini haikuwa kawaida ya zama zile kuwauliza. Nchi iliyopewa zaidi ya nusu ya mradi ikaambiwa isubiri njia.

Njia ilianzia Mkwaya, kwenye ghuba ya Lindi, ambako meli kubwa hazikuweza kufika, mizigo ikaletwa kwa matishari. Kutoka hapo tuta likapanda bara, likakata misitu na mabonde hadi Nachingwea. Wakati huo huo gati la maji marefu lilikuwa likijengwa Mtwara, jirani na Mikindani, bandari kongwe ya majahazi ambako Livingstone alianzia safari yake ya mwisho mwaka 1866. Baadaye reli ikaunganishwa na Mtwara, kile kipande cha Mkwaya kikaachwa, na tawi jingine likachepuka Chilungula kwenda Masasi. Makao makuu ya jimbo nayo yalihama Lindi yakaenda Mtwara. Kwa wazee wetu ilikuwa kana kwamba ramani imechorwa upya: Lindi, iliyokuwa mlango wa Kusini tangu enzi za misafara, ikawa pembeni, na pori la Nachingwea likawa mji.

Mjomba alisimulia jinsi mji ulivyofumuka. Walikuja watu kutoka kila upande: Wamakonde wa nyanda za juu na wenzao wa ng'ambo ya Ruvuma, Wayao, Wamakua, Wangindo wa Liwale, maduka ya Wahindi, makarani kutoka pwani, mafundi Wazungu na wake zao. Overseas Food Corporation, shirika la serikali ya Uingereza lililoupokea mradi mwaka 1948, lilileta mashine ambazo hakuna aliyekuwa ameziona. Baadhi ya matrekta ya mradi ule yalikuwa vifaru vya vita vya Sherman vilivyogeuzwa na kiwanda cha Vickers. Mnyororo wa nanga ya meli ulifungwa kati ya matingatinga mawili, yakaenda sambamba, na kila mti uliokuwa katikati ukang'oka na mizizi yake. "Tuliona mti wa umri wa babu unaanguka kabla jasho la mtu halijatoka," mjomba alikuwa akisema, na sijawahi kujua kama alisema hivyo kwa kustaajabu au kwa huzuni. Labda vyote.

Kilichomkaa zaidi moyoni kilikuwa mpangilio wa siku. Kabla ya reli, mtu wa Nachingwea aliyetaka kwenda pwani alihesabu siku za kutembea. Reli ilipokuja alihesabu saa. Chumvi ilishuka bei. Samaki wakavu wa Mikindani walifika bado wana harufu ya bahari. Mgonjwa angeweza kupata nafuu ya njia kuelekea hospitali ya wamisionari wa Ndanda. Kijana aliyekwenda kutafuta kazi ya gatini Mtwara aliweza kurudi msibani kabla mazishi hayajapita, jambo ambalo kwetu si dogo. Mshahara wa reli uliingia nyumbani kwa tarehe inayojulikana. Mjomba alijenga nyumba ya bati kwa mshahara huo, akamsomesha mama yangu mpaka darasa ambalo wasichana wengi wa rika lake hawakulifikia. Ninapoiandika habari hii naandika pia habari ya deni hilo.

Lakini mradi wenyewe ulikuwa unakufa. Kongwa ilivunja mashine na mioyo, na Nachingwea, iliyokuwa na ardhi bora zaidi, ilianza wakati fedha na subira vimekwisha. Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kuuacha mpango ule mkubwa, na karibu pauni milioni 36 zikafutwa vitabuni. Mashamba machache yakabaki kwa majaribio, baadaye chini ya shirika la kilimo la Tanganyika, ambalo liliwagawia wakulima wenyeji vipande vya kulima kwa masharti. Bandari ya Mtwara ilifunguliwa mwaka 1954. Yaani reli na gati vilikamilika miaka mitatu baada ya kuondoka kwa jambo lililofanya vijengwe.

Kuanzia hapo treni ya Kusini iliishi maisha ya nusu. Iliyokusudiwa kubeba mazao ya ekari milioni moja na zaidi ilibeba mahindi, ufuta, mbao, korosho za mwanzo mwanzo, mifuko ya saruji na abiria wenye kuku. Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki liliiona kila mwaka kwenye upande wa hasara. Mwaka 1962, mwaka wa kwanza wa Uhuru, ikafungwa. Mjomba na wenzake waliopewa kazi ya kuitunza njia wakapewa kazi ya kuing'oa. Walifungua misumari ile ile waliyoikaza, wakapakia reli kwenye mabehewa, wakirudi nyuma hatua kwa hatua kuelekea baharini, na kila siku treni ya kubeba vyuma ikawa na safari fupi kuliko ya jana.

Nataka kuwatendea haki waliofanya uamuzi huo. Serikali ya Tanganyika ilikuwa changa na hazina yake ndogo. Wahandisi wenyeji walikuwa wachache mno. Shule na hospitali zilikuwa zikisubiri fedha, na hapa palikuwa na njia iliyojengwa kwa ndoto ya watu wengine, inayokula kuliko inavyoleta. Mhasibu yeyote mwaminifu angesema ifungwe. Sina ugomvi na kusimamisha treni. Ugomvi wangu, na hata leo haujatulia, ni kung'oa reli. Treni iliyosimama huweza kuondoka tena. Tuta lenye vyuma huweza kungoja miaka kumi kwa gharama ya walinzi na mafyekeo. Walioamua walizitazama tani za mwaka 1962 na za miaka ya nyuma yake. Hawakutazama shamba kwa shamba kuona kilichokuwa kimepandwa.

Na kilichokuwa kimepandwa ni mikorosho. Hakuna ndege iliyokuja kuipimia ardhi, hakuna shirika la ng'ambo lililoipigia hesabu. Wakulima wa Makonde, Umwera na Umakuani waliipanda wenyewe miaka ya 1940 na 1950, mkulima mmoja miti kumi, mwingine hamsini, kati ya mihogo na mtama. Mkorosho huchukua miaka mitatu au minne ndipo uanze kuzaa, na miaka zaidi ndipo uzae kwa ukamilifu. Kwa hiyo miti iliyokuwa michanga reli ilipofungwa ndiyo iliyokuja kujaza maghala miaka michache baadaye. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani 145,000 za korosho, sehemu kubwa kutoka Kusini, nayo ikawa miongoni mwa nchi zilizoongoza duniani kwa zao hilo. Miaka 11 baada ya reli kung'olewa kwa kukosa mzigo, mzigo ulikuwa umelala chini ya kila mti.

Mjomba alikuwa na namna yake ya kulisema hili. "Ni sawa na mtu aliyepanda mkorosho, mwaka wa tatu akauona hauna kitu, akaukata kuni." Alilisema bila hasira. Alikuwa na mikorosho yake mwenyewe, alijua kungoja ni nini.

Asiyeijua korosho huenda asione uzito wa suala la usafiri. Korosho Kusini huanguka kuanzia Septemba na Oktoba hadi Januari, na mvua zetu huanza Novemba au Desemba. Mkulima hukusanya, hukausha, hupeleka ghalani, na wakati gari linapohitajika kuliko wakati wowote ndipo barabara ya udongo inapogeuka tope. Korosho iliyolowa huoza au hushuka daraja. Miaka ya 1970 nilipokuwa mtoto niliona magunia yamepangwa hadi darini katika maghala ya vijijini, yanasubiri lori lililokwama mahali fulani kati ya hapa na Masasi. Hata kuja kwetu kutoka Dar es Salaam kulikuwa mtihani, kwa sababu Mto Rufiji ulivukwa kwa kivuko, na mto ukijaa Kusini yote ilikatika na nchi. Daraja la Mkapa juu ya mto huo lilifunguliwa mwaka 2003. Hadi hapo miongo minne ilikuwa imepita tangu reli yetu ibebwe.

Na si korosho tu iliyokosa njia. Kuanzia katikati ya miaka ya 1960 Nachingwea ilipata kazi nyingine ambayo nayo hakuna aliyeipangia: ikawa kambi kuu ya mafunzo ya FRELIMO. Wapigania uhuru wa Msumbiji walipewa Farm 17, moja ya mashamba ya mradi wa karanga, ambalo hata leo linaitwa kwa namba ile ile liliyopewa na karani wa Kiingereza. Hapo Samora Machel alifundisha wapiganaji kushika bunduki na kushika jembe, kusoma na kutibu. Sisi watoto tuliwaona wakipita wamejipanga, tukajua nyimbo zao kabla hatujajua maana ya maneno. Silaha, dawa na chakula vilishuka Kusini kwa malori na kwa vichwa vya watu hadi Ruvuma. Septemba 1974 Wareno walitia saini mjini Lusaka kukubali uhuru wa Msumbiji, na Mei 1975 Samora alivuka Ruvuma kuanza safari yake ndefu ya kwenda Maputo. Nachingwea ilikuwa imesaidia kuizaa nchi. Mashamba yaliyoshindwa kutoa karanga yalitoa jeshi la ukombozi, na hilo ni jambo ambalo mtu wa Nachingwea anaweza kulitaja popote akiwa ameinua uso.

Katika miaka hiyo hiyo taifa letu lilijenga reli kubwa kuliko zote. TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa kwa msaada wa China kati ya 1970 na 1975, ili Zambia isitegemee njia za walowezi. Nilikuwa najivunia kama Mtanzania mwingine yeyote, na bado najivunia. Lakini nakumbuka mjomba akisikiliza taarifa za reli hiyo redioni, akauliza taratibu, bila kumwuliza mtu yeyote barazani pale: "Hawa wenzetu wanatandika. Sisi zetu zilipelekwa wapi?"

Kisha neema ya korosho ikaondoka nayo. Operesheni Vijiji ya mwaka 1974 iliwahamishia watu kwenye vijiji vipya, mbali na miti yao, na mkorosho usiofyekewa huliwa na msitu na moto. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976. Bei ya mkulima ikawa ndogo. Ugonjwa wa ubwiriunga ukaingia, ukanyausha maua kabla hayajafunga. Kufika msimu wa 1986/87 mavuno ya nchi nzima hayakufika tani 20,000. Viwanda vya kubangua vilivyokuwa vimejengwa kwa mikopo ya Benki ya Dunia, kimoja kikiwa hapa Nachingwea, vilikuta hakuna cha kubangua. Kwa mara ya pili mji wetu ulipata mtambo mkubwa ambao zao lake halikuwepo. Mtoto aliyezaliwa hapa mwaka ule angeweza kuonyeshwa tuta lisilo na reli na kiwanda kisicho na moshi kwa matembezi ya asubuhi moja.

Korosho imerudi. Naisema kwa furaha, kwa kuwa nimeiona ikirudi. Watafiti wa Naliendele, karibu na Mtwara, waliwafundisha wakulima kupulizia salfa dhidi ya ubwiriunga, wakawapatia na miche bora. Mfumo wa stakabadhi ghalani ulianza mwaka 2007, ukazua malalamiko yake na manufaa yake. Msimu wa 2017/18 nchi ilivuna zaidi ya tani 300,000, mara mbili ya kilele cha enzi za utoto wangu. Novemba 2018, baada ya wanunuzi kutoa bei ambayo wakulima waliikataa, serikali ilitangaza kununua yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na magari ya jeshi yakaja kuyasomba magunia. Niliyatazama malori yale yakipita kwa msururu, nikawaza mabehewa.

Malori ndiyo treni yetu sasa. Msimu ukifika yanajipanga maghalani mchana na usiku, yanachimba barabara ambazo halmashauri zinazifukia kila mwaka, na kila kilo ya korosho inakatwa gharama ya mafuta na matairi yake kabla haijafika gatini. Ajali ni nyingi. Kuna misimu ambayo mzigo wa Kusini umepelekwa kwa barabara hadi Dar es Salaam, ukiipita bandari ya Mtwara iliyojengwa kwa ajili yake. Mkulima wa Kilimarondo halipi ankara hiyo kwa jina, lakini anailipa kwenye bei.

Watu wa mikoa mingine huniuliza kwa nini watu wa Kusini wana shaka sana na miradi mikubwa. Walituuliza hivyo hasa mwaka 2013, Mtwara ilipochafuka kwa sababu ya bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam. Sikubali kuchoma nyumba ya mtu wala kumwaga damu, na wakati ule niliumia kama kila mwenye akili timamu. Lakini jibu langu ni kwamba huku kila mzee wa rika la mjomba aliwahi kuona kitu kikubwa kikiletwa bila yeye kuulizwa, kisha kikachukuliwa bila yeye kuulizwa. Uzoefu huo hurithiwa. Mwanangu hajaiona treni wala mimi sikuiona, lakini habari ya kung'olewa kwake aliisikia barazani kabla hajaisikia shuleni. Kwa kweli shuleni hakuisikia kabisa.

Leo ukija Nachingwea utakuta mji wenye pilikapilika: bodaboda, maduka ya simu, chuo cha ualimu, magari ya pembejeo msimu wa kupulizia dawa. Moja ya kata zake inaitwa Stesheni. Tuta linaonekana mahali pengine, mahali pengine limelimwa, kwingine limekuwa barabara na wapitao hawajui kwa nini inanyooka vile. Hata karanga zimefika hatimaye kwa njia ya heshima: kati ya mbegu bora zilizotolewa na watafiti wa Naliendele, moja inaitwa Nachingwea 2009. Mkulima anaipanda robo ekari pamoja na mahindi, anavuna, anakula na kuuza. Yale mashamba ya ekari 30,000 hayakufikia hapo.

Na sasa reli inazungumzwa tena. Kwa miaka mingi kumekuwa na mpango wa njia ya kisasa kutoka Mtwara hadi Mbamba Bay, kwenye Ziwa Nyasa, takriban kilomita elfu moja, yenye matawi ya kwenda kwenye chuma cha Liganga na makaa ya mawe ya Mchuchuma. Katika wilaya yetu wenyewe kuna nikeli ya Ntaka, na jirani zetu wa Ruangwa wana kinywe. Dunia inayataka madini haya kwa betri kama Uingereza ilivyoyataka mafuta ya karanga. Naiombea reli hiyo ijengwe, na naomba niione. Lakini nawaomba watakaoishika kalamu wasome kwanza historia yetu, kwa sababu makosa yote mawili yaliyotupata yanaweza kurudiwa.

Kosa la kwanza ni kuijengea reli bidhaa moja inayotakiwa na mtu mmoja aliye mbali. Madini huisha, bei huanguka, teknolojia hubadilika. Reli inayopita katikati ya wakulima na kusimama kwa ajili ya chuma tu itakufa na chuma. Ziwekwe stesheni penye maghala ya korosho, ufuta na mbaazi. Zipangwe nauli ambazo chama cha msingi kinaweza kuzilipa. Wakulima waulizwe wanavuna lini na mvua huwakuta lini, kwa maana wao ndio watakaokuwepo mgodi ukifungwa.

Kosa la pili ni kuihesabia njia tani za mwaka huu pekee. Anayetaka kujua kama reli ya Kusini italipa asiishie kwenye vitabu vya mapato, aende shambani ahesabu miche. Mwaka 1962 miche ilikuwepo kwa mamilioni, inaonekana kwa macho kutoka dirishani mwa behewa, na hakuna aliyeiingiza kwenye hesabu.

Kuna ombi la tatu, ambalo ni letu wenyewe na halihitaji fedha ya mtu. Mjomba amekwisha kufariki, na wenzake wa kikosi kile waliobaki ni wachache sana. Vijana wa chuo cha ualimu wana simu zenye kinasa sauti. Waende wakakae nao, wawaulize tuta lilipita wapi, nani alijenga, nani alikufa akijenga, siku ya mwisho ilikuwaje. Siku wataalamu watakapokuja na ramani zao mpya, wakute tayari kuna watu wenye jibu la swali ambalo miaka yote hakuna aliyetuuliza: njia hii ikija, mnataka ipite wapi, na ibebe nini?